Hodi Inapobishwa Simuni, Nyumba ni ya Nani?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi katika darsa ya Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazazi wetu watukufu, na wewe msomaji uliyelishika gazeti hili, labda ukingoja adhana ya Magharibi. Mada niliyopewa ni simu na siri zetu. Baadhi ya wenzangu waliposikia, walidhani nitakuja kuwakemea vijana kwa picha chafu na mambo ya usiku wa manane. Hayo yamesemwa sana, na yatasemwa tena na walio na elimu zaidi yangu. Mimi nataka tuzungumze jambo linalofanywa na watu wazuri kabisa, mchana kweupe, tena pengine wakitafuta wakati wa swala. Jambo lenyewe ni kubonyeza neno "Ruhusu".

Swali langu ni moja tu, na ningependa uwe nalo mpaka mwisho: unapolipia huduma ya bure kwa taarifa zilizo ndani ya simu yako, je, unalipa kwa mali yako au kwa mali ya mwenzako?

HODI IMEWEKWA KWA AJILI YA MACHO

Sisi watu wa pwani tunajua hodi. Mtoto hafundishwi mara mbili. Unafika mlangoni, unabisha, unatoa salamu, unangoja. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi zako, na wala hununi. Haya hayakuanza na mila zetu. Katika Suratun Nur, aya ya 27, Waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao bila ya kutaka idhini na kuwasalimu wenyewe. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.), kuna mtu aliyechungulia kwa tundu ndani ya nyumba ya Mtume (s.a.w.). Mtume alimkemea vikali na akabainisha kwamba hodi imewekwa kwa sababu ya macho.

Hebu zingatia hapo. Yule mtu hakuiba kitu. Hakuvunja mlango. Aliangalia tu, na kule kuangalia peke yake kukahesabiwa ni dhulma.

Sasa tuje kwenye simu. Kila unapoweka programu mpya, nayo inabisha hodi. Inakuuliza: niruhusu nione namba za watu wako? Niruhusu nione picha zako? Niruhusu nijue ulipo? Wengi wetu tunabonyeza "Ruhusu, ruhusu, ruhusu" kama mtu anayefukuza nzi, kwa sababu tunataka kufika haraka kwenye mchezo au kwenye video. Mgeni akija nyumbani akasema, "Nataka kuingia chumbani kwa mamako," utamuuliza wewe ni nani na unataka nini. Mgeni wa simu hatumuulizi.

BURE INALIPWA NA NANI?

Pengine utaniambia, "Ustadhi mdogo, kwani hawa si wametupa vitu bure?" Ni kweli hatutoi shilingi. Kutafuta jambo kwenye Google ni bure, YouTube ni bure, Facebook ni bure. Lakini kampuni hizi si za waqfu. Mwaka 2023 Alphabet, yaani kampuni mama ya Google, ilipata mapato ya kama dola bilioni 307, na kama bilioni 238 kati ya hizo zilitokana na matangazo ya biashara. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, walipata kama bilioni 135 mwaka huo huo, na karibu zote, kama bilioni 132, zilikuwa za matangazo.

Tangazo lina thamani likimfikia mtu anayefaa. Muuza nguo za watoto wachanga anataka kumpata mama mjamzito, na mkopeshaji anamtafuta mtu aliyeishiwa. Ili wapatikane, lazima kuwe na mtu anayeangalia unachotafuta, unakokwenda, unaongea na nani, na umeiangalia picha gani kwa muda mrefu. Kule kuangaliwa ndiyo bei unayolipa.

Mimi sisemi biashara hii yote ni haramu. Si kazi yangu kutoa fatwa, na hata wito wa darsa hii umekufikia wewe kupitia WhatsApp. Lakini wale waliokaa madrasa wanakumbuka tulivyosomeshwa mlango wa biashara. Kitu kinachouzwa kijulikane. Bei ijulikane. Pande mbili ziridhiane. Na muuzaji awe anakimiliki anachokiuza, au awe amepewa idhini na mwenyewe. Mkataba wenye giza ndani yake, kila upande haujui unatoa nini, wanazuoni wanauita gharar.

Chukua masharti hayo uyapeleke kwenye simu. Je, bei unaijua? Imeandikwa katika maelezo marefu ya Kiingereza cha mawakili, na hakuna anayeyasoma. Lakini sharti ninalotaka tusimame nalo leo ni lile la mwisho, la kumiliki. Ndani ya simu yako mna namba ya mamako, ya mwalimu wako, ya jirani mjane, ya rafiki aliyekuambia siri yake. Wewe umewekewa. Hizo ni amana, na amana haiuzwi.

MLANGO MMOJA, NYUMBA MIA TATU

Nitatoa mifano mitatu iliyothibiti, ili isionekane ni maneno ya kutishana.

Wa kwanza ni wa Facebook. Mwezi Machi mwaka 2018 dunia ilijua habari za Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikifanya kazi za kampeni za siasa, na ambayo mkubwa wake mmoja alinaswa kwenye kamera ya siri akijigamba kwamba wamefanya kazi katika kampeni za hapa kwetu Kenya, 2013 na 2017. Taarifa ilizozipata zilikusanywa na programu ndogo ya maswali ya kujipima tabia. Walioiweka programu ile na kujibu maswali walikuwa kama watu 270,000. Lakini Facebook yenyewe ilikiri kwamba waliochukuliwa taarifa zao huenda wakafika milioni 87.

Piga hesabu. Kila mmoja aliyesema "Ruhusu" aliwafungulia mlango zaidi ya wenzake 300. Wale 300 hawakuulizwa. Hawakuona hata hodi yenyewe. Wakati ule Facebook iliruhusu programu kuchukua taarifa za marafiki wa aliyekubali, na kosa lao wale milioni 87 ni kuwa marafiki wa mtu anayependa maswali ya kujifurahisha.

Mfano wa pili uko hapa hapa nyumbani, nao ni mikopo ya simu. (Riba iliyomo ndani yake ni mada ya siku nyingine, na hukumu yake mnaijua.) Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikopa KSh 2,000 ili alipe kodi ya chumba. Kabla ya kupewa, programu iliomba kuona namba zote za simu yake, akakubali. Alipochelewa siku chache, walianza kuwapigia watu. Walimpigia maalim wake wa Qur'an. Walimpigia shangazi yake anayeuza viazi karai. Waliwaambia, "Mwambie mtu wako alipe, ni mwizi." Yule shangazi ana shinikizo la damu. Alidhani kijana amekamatwa na polisi, akakesha akilia. Yeye shangazi alikopa nini? Hakukopa kitu. Namba yake ilikuwa ndani ya simu ya mtoto aliyemlea, basi.

Wala hakuwa peke yake. Malalamiko yalizidi mpaka Serikali ikaingilia kati. Tangu mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinamkataza mkopeshaji wa simu kuchukua orodha ya namba za mteja ili awatumie watu ujumbe mteja anapochelewa. Mwaka 2023 Google nayo ikazikataza programu za mikopo kwenye duka lake kuomba ruhusa ya kuona namba na picha za mteja. Na mwezi Septemba mwaka huo huo, Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya aliitoza faini ya KSh 2,975,000 kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa sababu ya ujumbe na simu za vitisho kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Yaani sheria yenyewe imekubali kwamba namba ya shangazi ni haki ya shangazi.

HATA PROGRAMU YA SWALA

Mfano wa tatu utatuuma zaidi. Muslim Pro ni programu inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za swala na kibla. Mwezi Novemba mwaka 2020, waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni iitwayo X-Mode, na X-Mode ilikuwa ikiwauzia taarifa kama hizo wakandarasi wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba wanaliuzia jeshi taarifa za watu, lakini papo hapo wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google zikawaamuru watengenezaji wa programu wakiondoe kipande cha X-Mode. Na mnamo Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliizuia kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imeshabadilisha jina ikaitwa Outlogic, kuuza taarifa zinazoonyesha watu wakienda mahali nyeti, kama hospitali na nyumba za ibada.

Inakuwaje? Mwenye programu hupewa na kampuni nyingine kipande kidogo cha programu akiweke ndani ya yake, naye hulipwa. Kile kipande kinatuma kwa hao wengine mahali simu ilipo. Wewe unaona kibla tu. Humuoni mgeni wa pili aliyeingia nyuma ya mgeni wa kwanza.

Sasa jiulize, programu ya swala inahitaji kujua nini hasa? Ardhi huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Huku kwetu karibu na ikweta uzi mmoja ni kama kilomita 111. Kwa hivyo, uende kama kilomita 28 kuelekea magharibi ndipo Adhuhuri ichelewe kwa dakika moja. Baina ya Mombasa na Nairobi tofauti ni kama dakika 11. Na kibla? Makkah iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Mombasa, uwe Likoni, uwe Kisauni. Kwa swala zako tano, programu inatosheka na jina la mji wako. Haina haja ya kujua kwamba saa nne usiku ulikuwa kwa nani, na asubuhi ulitokea mlango upi.

Na hapa pia usijifikirie wewe tu. Msikiti ni wetu sote, nyumba ni ya wote walalao ndani. Simu moja ikitangaza inakolala kila usiku, imetangaza nyumba ya familia nzima.

"MIMI SINA CHA KUFICHA"

Neno hili nalisikia kila nikizungumza mambo haya. "Mimi si mwizi, si gaidi, wacha waangalie."

Kwanza, kusitiri si dalili ya uovu. Tunafunga mlango wa choo, na hakuna anayetuuliza tunaficha nini. Sitara ni heshima ambayo Mola amempa binadamu, ndiyo maana katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana.

Pili, yako mambo ukishayatoa hayarudi. Neno la siri ukiibiwa, utalibadilisha. Jicho utalibadilishaje? Mwaka 2023 mliona foleni za Nairobi, vijana wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali za kama KSh 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi lile mnamo tarehe 2 Agosti 2023, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile za miili ya Wakenya zifutwe. Zile shilingi zilikwisha siku nyingi. Macho ni yale yale.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hata kama wewe huna cha kuficha, mwenzako anacho. Katika orodha yako ya namba yumo dada aliyehama mji kwa kumkimbia mume mpigaji. Yumo mgonjwa asiyetaka ugonjwa wake ujulikane. Yumo aliyesilimu na nyumbani kwao hawajajua. Wewe huwajui wote, lakini wamo. Kusema "mimi sina cha kuficha" ni sawa na mlinzi wa nyumba ya kupanga kuacha lango wazi usiku kucha kwa kuwa chumbani mwake hamna cha kuibwa.

Na tusisahau picha. Dada zetu wanajua. Kwenye harusi, katika ukumbi wa wanawake, wamevua mabuibui na wamejipamba wakijua wako peke yao. Anatokea mmoja na simu. Hana nia mbaya, anataka kumpiga picha bibi harusi, na nyuma yake wameonekana wanawake kumi. Simu nyingi zimewekwa zipeleke nakala ya kila picha kwenye hifadhi ya intaneti, na huko mashine zinaweza kutambua sura na kuzipanga kwa mtu mmoja mmoja. Kabla hajafika nyumbani, picha imeshafika nchi nyingine. Watoto nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa KSh 4,550,000 na Kamishna kwa kutoa picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Je, picha za madrasa zetu za siku ya mashindano ya Qur'an, idhini ya wazazi iko wapi?

TUFANYE NINI?

Sitawaambia mtupe simu. Masomo yetu yako humo, biashara za mama zetu ziko humo, na jamaa walioko Oman na Saudia wanatuona kupitia humo. Ninachosema ni turudishe adabu ya hodi.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, sehemu ya programu, uangalie ruhusa. Utaona kila programu umeiruhusu nini. Tochi inataka namba za watu ya nini? Mchezo wa mpira unataka kipaza sauti ya nini? Ondoa. Ikigoma kufanya kazi, basi ujue ilikuja kwa ajili ya nini, na uifute.

Pili, mahali ulipo. Simu za miaka ya karibuni zinakupa nafasi ya kuchagua "wakati ninapoitumia tu", na pia kuonyesha eneo la kukadiria badala ya mahali hasa. Kwa programu ya swala, andika mji kwa mkono wako, basi.

Tatu, orodha ya namba za simu iwe ndiyo mlango wa mwisho kufunguliwa. Kumbuka ni amana. Na mtu akikuomba namba ya mwenzako, sema, "Ngoja nimuulize." Maneno mawili tu hayo, lakini ndiyo hodi yenyewe.

Nne, picha. Kabla ya kupiga, omba. Kabla ya kutuma, omba tena, kwa sababu aliyekubali kupigwa picha si lazima amekubali isambazwe. Na kwenye kumbi za wanawake, wenye harusi wasione haya kuzikusanya simu mlangoni.

Tano, ijue haki yako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumiwa vipi, kuziona, kukataa zisitumiwe, na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe au zifutwe. Idhini uliyoitoa unaweza kuiondoa. Taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Yule shangazi muuza viazi pia ana haki ya kulalamika, ingawa hakuweka programu yoyote.

Na sita, hili ni la vijana. Wazazi wetu wengi wametiwa simu mikononi na sisi wenyewe. Usiku mmoja wa mwezi huu, baada ya tarawehe, kaa na mamako dakika kumi. Mshikie simu yake, mfungulie hizo ruhusa, umueleze moja moja kwa Kiswahili, na umuache achague mwenyewe. Usimbonyezee. Simu ni yake, na yeye naye anastahili kubishiwa hodi.

Ndugu zangu, mwezi huu tunajizuia hata na kilicho halali yetu, chakula chetu na maji yetu, mpaka tupewe ruhusa na Mwenyewe. Basi tusishindwe kujizuia kutoa kisichokuwa chetu. Kuanzia leo, simu ikikuuliza "Ruhusu?", nawe iulize: unataka kuona nini, na je, chenyewe ni changu?

Twamuomba Allah (s.w.t.) azisitiri aibu zetu na za wenzetu, atujaalie kuwa wenye kuchunga amana, na atukubalie saumu na visimamo vyetu. Nililolisema la haki limetoka kwake, na lenye kasoro ni la nafsi yangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.